Wageni Wengi, Wanunuzi Wachache: Maswali ya Wenye Maduka ya Mtandaoni

SWALI: Mhariri mpendwa, ninashona na kuuza mavazi ya vitenge hapa Kisumu, karibu na soko la Kibuye. Mwaka jana nilitengenezewa duka la mtandaoni, na kwa sababu ya picha ninazoweka Facebook na TikTok watu huingia kwa wingi. Mwezi uliopita waliingia takriban 2,000. Kumbukumbu za duka zinaonyesha kwamba 140 kati yao waliweka nguo kwenye kikapu, lakini waliolipa ni 9 tu. Kijana aliyenitengenezea tovuti ananishauri nilipie matangazo zaidi ili wageni waongezeke. Je, nifuate ushauri huo? Anwani ya duka nimeiambatisha.
Mama Mshonaji, Kisumu

JIBU: Hapana, mama, usilipie tangazo lolote kwa sasa. Tunakushukuru kwa kutuletea hesabu kamili, kwa maana mali bila daftari huisha bila habari, na daftari lako limekwisha kutuonyesha mahali penye kasoro. Katika kila wageni 100, 7 waliipenda nguo kiasi cha kuiweka kwenye kikapu, na hicho si kiwango kibaya hata kidogo kwa duka la mavazi. Picha zako na bei zako zinafanya kazi yake. Tatizo ni kwamba kati ya wale 140 waliokaribia kununua, 131 waliondoka bila kulipa.

Taasisi ya Baymard ya Denmark, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikikusanya tafiti kuhusu jambo hili, inakadiria kwamba katika kila vikapu 100 vinavyojazwa kwenye maduka ya mtandaoni, takriban 70 huachwa. Kuachwa kwa vikapu, basi, ni jambo la kawaida, kwa kuwa wengi hupitapita tu wakilinganisha bei. Lakini vyako vinaachwa zaidi ya 93 katika kila 100. Ungefikia wastani huo tu, wateja 42 wangelipa mwezi uleule bila mgeni hata mmoja kuongezeka. Ukiongeza matangazo leo, utakuwa unatoa pesa ili watu wengi zaidi waje kukwama mahali palepale.

Tulifungua duka lako kwa simu ya kawaida, tukachagua gauni moja na kuifuata njia yote hadi kwenye malipo. Kikwazo cha kwanza tulichokutana nacho ni gharama ya usafirishaji, ambayo haikutajwa popote hadi ukurasa wa mwisho, ambapo gauni la shilingi 2,500 liligeuka kuwa la shilingi 2,950. Ukiwaacha kando waliokuwa wakipitapita tu, wanunuzi wa Marekani waliohojiwa na Baymard hutaja gharama za ziada zaidi kuliko sababu nyingine yoyote wanapoeleza kwa nini waliacha vikapu vyao, na hatuoni kwa nini mnunuzi wa Kisumu awe tofauti. Huenda shilingi 450 hazimshindi. Kinachomuudhi ni kuona kwamba alifichwa jambo, na akishashuku hilo atashuku na mengine. Pale Kibuye, mteja huuliza bei, akapiga hesabu ya nauli ya bodaboda kichwani, kisha ndipo akatoa pesa. Duka lako la mtandaoni nalo limpe nafasi hiyo ya kujua jumla yake mapema.

Kwa hiyo chini ya bei ya kila vazi andika gharama ya kulifikisha na muda utakaochukua: kiasi kimoja kwa walio ndani ya jiji, kuanzia Milimani hadi Kondele na Mamboleo, kiasi kingine kwa Kakamega, Eldoret na Nakuru ambako mzigo huenda kwa matatu, na kingine kwa Nairobi. Viwango vichache vinavyoeleweka ni bora kuliko hesabu sahihi ambayo mteja haioni. Tena weka chaguo la mteja kuja kuchukua nguo mwenyewe bila gharama, kwa kuwa anayeishi karibu nawe hana sababu ya kulipia usafiri.

Kikwazo cha pili ni fomu. Kabla ya kulipa, duka lilitulazimisha kufungua akaunti yenye barua pepe na nenosiri, kisha likadai nambari ya nyumba, jina la mtaa, jimbo na msimbo wa posta, na likakataa kuendelea tulipoacha nafasi moja wazi. Fomu hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya nchi ambazo barua huletwa mlangoni. Kwetu anwani ni sanduku la posta, na anayeleta mzigo hupiga simu, akaelekezwa kwa kanisa, shule au steji. Mteja anayetoka Manyatta anapoulizwa nambari ya nyumba ambayo haipo, hana la kujibu, hata kama pesa anazo. Mwambie kijana wako aondoe yote hayo na kubakiza jina, nambari ya simu, mji na mahali panapojulikana pa kupokelea mzigo. Akaunti iwe ya hiari, tena ije baada ya malipo.

Kikwazo cha tatu ndicho kizito zaidi. Ukurasa wa malipo ulitupa nambari ya Lipa na M-Pesa, ukatuagiza tutoke, tulipe, kisha tutume ujumbe wa uthibitisho kwa WhatsApp na kusubiri jibu. Tulipoingiza nambari hiyo, jina lililojitokeza kabla ya kuthibitisha halikuwa la duka lako bali la mtu mwingine kabisa, ambaye tunadhani ni jamaa yako. Mama, hapo wengi wangeghairi, na hatuwezi kuwalaumu. M-Pesa imekuwapo nchini tangu mwaka 2007, na Wakenya wamefundishwa, wengine kwa kuibiwa, kulisoma jina kwanza ndipo wakubali malipo. Sajili nambari ya malipo kwa jina lilelile lililoandikwa juu ya duka lako. Ukishafanya hivyo, mwombe kijana aunganishe duka na mfumo wa Safaricom uitwao Daraja, au apitie kampuni ya malipo kama Pesapal, ili mteja akibofya kitufe cha kulipa, ombi la PIN lijitokeze lenyewe kwenye simu yake likiwa na kiasi na jina la biashara. Ombi hilo hukaa kwa muda mfupi tu, na mteja huenda hana salio la kutosha kwa wakati huo. Kwa hiyo pawe na kitufe cha kuliomba tena, kikapu kisifutwe, na nambari ya kulipia kwa mkono ibaki hapohapo kwa anayeipendelea.

Sheria ya kulinda watumiaji ya mwaka 2012 inamtaka anayeuza kwa intaneti ampe mnunuzi nafasi ya wazi ya kukubali au kukataa, na ya kurekebisha makosa kabla ya makubaliano. Ukurasa mfupi unaoonyesha nguo, saizi, usafiri na jumla kabla ya kitufe cha kulipa unasaidia kutimiza hilo, na humtuliza mnunuzi pia.

Ukimaliza kurekebisha malipo, keti na simu yako usome upya maswali ambayo watu wamekuuliza kwa WhatsApp. Bila shaka mengi yatakuwa kuhusu saizi, kwa sababu herufi M na L hazimwambii mtu kama gauni litampita nyongani. Andika vipimo vya kila vazi kwa sentimita, yaani kifua, kiuno, nyonga na urefu, na ueleze bayana nani atalipa nauli ikiwa nguo haikumtosha mteja na inabidi ibadilishwe. Wewe ni fundi, na unaweza kuahidi kupunguza au kupanua vazi lililokosea kidogo. Mwenye duka anayenunua nguo zilizoshonwa tayari hawezi kutoa ahadi hiyo kwa urahisi, nawe hujaitaja popote. Iandike juu kabisa.

Usihangaike na wanaokuambia ujaribu rangi mbili za kitufe ili kuona ipi inauza zaidi. Majaribio hayo huhitaji maelfu ya vikapu ndipo tofauti ndogo iweze kuaminika, na kwa vikapu 140 kwa mwezi utakuwa unasoma bahati. Rekebisha kasoro zilizo wazi, kisha linganisha mwezi na mwezi, ukikumbuka kwamba Januari ya karo haiwezi kulinganishwa na Desemba ya sikukuu. Kuhusu wale walioacha nambari zao bila kununua, usiwatumie matangazo hivihivi: Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka ridhaa ya mtu kabla ya kutumia taarifa zake kibiashara. Weka kisanduku cha kuomba ridhaa hiyo, kikiwa bado hakijatiwa alama, mteja akitie mwenyewe.

SWALI: Ninauza vipuri vya pikipiki Nakuru. Nalipia matangazo Facebook, na watu hubofya, lakini karibu wote huondoka mara moja bila kufungua ukurasa wa pili. Nikosoeni.
Muuza Vipuri, Nakuru

JIBU: Kisa chako ni kinyume cha kile cha mama wa Kisumu, kwani wageni wako hawafiki hata kwenye kikapu. Tangazo lako linaonyesha cheni na sproketi za Boxer, lakini anayelibofya hupelekwa kwenye ukurasa wa mwanzo wenye picha za kila kitu, akaachwa atafute mwenyewe. Kila tangazo limpeleke mtu kwenye kipuri kilekile alichokiona, chenye bei, na chini yake uorodheshe pikipiki ambazo kinaziingia, kwa majina ambayo waendeshaji huyatumia: Boxer BM150, TVS HLX 125 na kadhalika. Mwendesha bodaboda ambaye pikipiki yake imelala anataka kujua kama kipuri kitaingia na kama atakipata leo, basi.

Kisha punguza uzito wa picha zako. Google ilieleza mwaka 2016 kwamba zaidi ya nusu ya wanaotumia simu huondoka ukurasa unapochukua zaidi ya sekunde 3 kufunguka, na picha iliyotoka moja kwa moja kwenye kamera ya simu huweza kuwa na megabaiti 4 au zaidi. Picha kumi za namna hiyo zinamla mteja bando ambalo amelinunua kwa shilingi zake. Zipunguze hadi chini ya kilobaiti 200 kila moja. Kwa skrini ya simu, tofauti haitaonekana.

SWALI: Nauza sufuria na vyombo vya nyumbani kutoka Bungoma. Wateja wanadai kulipa mzigo ukifika, lakini baadhi yao hawapokei simu mzigo unapofika Webuye au Kitale, nami nabaki na hasara ya nauli mara mbili. Je, niukomeshe utaratibu huo?
Mwenye Duka, Bungoma

JIBU: Usiukomeshe, kwa sababu mteja asiyekujua ana haki ya kuogopa kutuma pesa zote kwa mtu ambaye hajawahi kumwona, na ukimlazimisha atakwenda kwa jirani. Gawanya hofu hiyo: mteja atangulize nauli ya mzigo peke yake, nayo bei ya sufuria ailipe akishaikagua mkononi. Asiye na nia hatatanguliza hata nauli, na anayebadili mawazo hatakuwa amekutia hasara ya safari ya kwenda. Mpigie simu kabla mzigo haujaondoka Bungoma, umtajie gari na saa ya kufika. Mteja aliyekwisha kununua kwako mara kadhaa na kupokea bila usumbufu, mwondolee sharti la nauli, umwambie sababu.