Maswali na Majibu: Kadi za Utafiti wa Insha

Nina kauntabuku kubwa. Kadi za nini tena? (Mwanachuo, Ubungo)

Tuseme unaandika kuhusu mgomo wa makuli wa bandari ya Dar es Salaam mwaka 1947. Habari za mishahara utazikuta mwanzoni mwa kitabu hiki na katikati ya kile. Kwenye kauntabuku zitabaki zimetawanyika hivyohivyo. Ukiandika kila habari kwenye kadi yake, kadi unazitandaza mkekani: za mishahara huku, za mgomo kusambaa na njia ya reli kule. Mpango wa insha utauona kwa macho kabla hujaandika sentensi.

Zinauzwa wapi? (Msomaji, Kigamboni)

Usizunguke. Nunua manila nyeupe za A4 Kariakoo, mwenye duka akukatie kila moja vipande vinne kwa mashine. Hiyo ni A6, milimita 105 kwa 148.

Niandike nini? Zangu zimejaa nukuu tupu. (Kidato cha sita, Temeke)

Hapo ndipo penye kazi. Anza na chanzo kabla ya neno lolote: kona ya juu kulia, alama ya kitabu na ukurasa, mathalani "B, uk. 41". Kitabu B kina kadi yake yenye mwandishi, jina la kitabu, mchapishaji na mwaka. Kona ya kushoto, mada kwa maneno mawili matatu. Chini yake jambo moja tu, kwa maneno yako. Likijaza kadi mpaka nyuma, ujue hayo ni mambo mawili.

Ukinukuu neno kwa neno, funga alama za kunukuu palepale. Niliwahi kuziacha, na wiki tatu baadaye sikujua sentensi ile ilikuwa yangu au ya mwandishi. (Ilikuwa tamu mno kuwa yangu.) Nikarudi maktaba kukisaka kitabu upya.

Si nipige picha kurasa kwa simu? (Kijana, Sinza)

Piga, lakini kupiga picha si kusoma. Usiogope wingi wa kadi pia: Niklas Luhmann, mwanasosholojia wa Ujerumani aliyefariki 1998, aliacha kadi kama 90,000. Insha ya kurasa kumi itakutosha na arobaini hivi.

Zikimwagika kwenye daladala? (Msomaji, Mbagala)

Ukishazipanga, zitie namba kwa penseli, ufunge kwa mpira wa kufungia noti. Masika, zitie kwenye kopo la biskuti lenye mfuniko.