Blogu ni nini, na je, muuza sambaza anaweza kuwa nayo?

Mdogo wangu wa Kadutu, umeuliza blogu ni kitu gani, na kama wewe unayeuza sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, na mama yako hapa Bukavu unaweza kuwa nayo. Unaweza, tena anza wiki hii.

Blogu ni daftari lililo wazi kwenye intaneti: unaandika leo, kesho unaongeza, na andiko jipya linakaa juu ya la zamani. Jina "weblog" lilitoka kwa Mmarekani Jorn Barger mwaka 1997. Mwaka 1999 Peter Merholz akalifupisha likabaki "blog". Lakini jina halikuleta watu. Walioleta watu ni watengenezaji wa programu kama Blogger, ya mwaka huohuo wa 1999, kwa sababu kabla ya programu za namna hiyo mara nyingi ulihitaji ujuzi wa kompyuta hata kuweka ukurasa mmoja. Mwaka 2003, vita vya Iraki vilipoanza, dunia ilimsoma kijana wa Baghdad aliyejiita Salam Pax, akieleza maisha ya mjini kwake. Hilo hunigusa sana, maana mambo yetu ya Kivu husimuliwa mno na wageni.

Kwa hiyo andika unachokiona: mama anavyopima sambaza kwa kopo, kisha anavyoongeza kiganja kimoja kwa mteja wake wa kila siku. Andika kwenye simu bila intaneti, ukinunua mega za intaneti ndipo upandishe. Majina ya majirani na mahali wanapolala usiyataje kabisa. Andiko la kwanza likiwa tayari, niletee nilisome.