Kwarteti yetu ipige nini?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Tuko wanne hapa Tanga: fidla mbili, viola na selo. Tunapiga zaidi harusini na kanisani. Mwenzetu wa selo anataka tushirikiane na kikundi cha ngoma, tena tuwaombe watunzi wa hapa nyumbani watutungie. Wa fidla ya kwanza anasema kwarteti inayojiheshimu hukaa na Haydn na Beethoven, watunzi wa kale wa Ulaya. Noti za muziki nazo ni ghali mno. Na je, turekodi au bado? Tushauri. – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Haydn msimwache, pigeni kila wiki, kwani sijaona shule nzuri kuliko yeye ya kufundisha watu wanne kusikilizana. Lakini katika ubishi wenu mimi niko upande wa selo, tena kwa moyo wote.

Watazameni Kronos Quartet wa Marekani. Mwaka 1973 huko Seattle, mpiga fidla kijana, David Harrington, alisikia redioni Black Angels, kazi ya mtunzi Mmarekani George Crumb, iliyotungwa mwaka 1970 wakati wa vita vya Vietnam. Humo nyuzi zinapitishwa kwenye vipaza sauti, upinde unasugua glasi zenye maji, upatu unalia, na wapigaji wanahesabu kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwamo. Hebu fikirini: kazi iliyomfanya Harrington aunde kwarteti ina hesabu zetu ndani yake! Tangu hapo Kronos wameagiza tungo mpya, na nyimbo zilizopangwa upya kwa ajili ya kwarteti, zaidi ya 1,000. Ndiyo maana siwezi kukubali kwamba heshima ya kwarteti iko kwa marehemu peke yao. Haydn mwenyewe alikuwa mtunzi hai, na watu walimwagiza kazi.

Mwaka 1992 walitoa albamu ya Pieces of Africa, yenye kazi za watunzi wa Afrika. Yumo Justinian Tamusuza, jirani yetu wa Uganda, na kipande kutoka kwarteti yake Mu Kkubo Ery'Omusaalaba, yaani Katika Njia ya Msalaba. Ninyi mnaopiga kanisani kisikilizeni kabla ya chochote kingine. Yumo Dumisani Maraire wa Zimbabwe, yumo Hamza El Din, Mnubi, na Foday Musa Suso wa Gambia aliyekuja na kora yake, kinubi cha Afrika Magharibi. Hapo ndipo pa kujifunza: mtunzi hakuombwa aache ala yake mlangoni. Miaka mingi baadaye walifanya hivyohivyo na Trio Da Kali wa Mali, watu wa ukoo wa wasimulizi wanaorithishana muziki kwa sikio, wakatoa Ladilikan mwaka 2017. Basi mkienda kwa wenzenu wa ngoma, nendeni mazoezini kwao, msiwaite kwenu. Kaeni bila noti mpaka mdundo uwaingie mwilini, ndipo muandike. Na malipo yagawanywe sawa. Hilo nalisisitiza, kwa sababu nimeona wapiga ngoma wakipewa soda na nauli huku wenye fidla wakigawana bahasha.

Kuhusu noti, msinunue kwanza. Mwaka 2015 Kronos walianzisha Fifty for the Future: kazi 50 zilizoagizwa mahsusi kwa vijana wanaojifunza kwarteti, nusu za watunzi wanawake na nusu za wanaume. Noti za kila ala na rekodi zake zinapatikana bure kwenye tovuti yao. Angélique Kidjo wa Benin ameandika moja. Lassana Diabaté, mpiga balafoni (marimba ya Afrika Magharibi) wa Trio Da Kali, ameandika Sunjata's Time, yenye sehemu tano. Ningeanza na hiyo. Mnachohitaji ni karatasi, wino na uvumilivu.

Kurekodi? Rekodini tangu sasa, hata kwa simu, ila msiuze bado. Kisha sikilizeni Different Trains ya mtunzi Mmarekani Steve Reich, aliyowatungia Kronos mwaka 1988. Alirekodi watu wakizungumza: yaya wake wa utotoni, mhudumu wa treni aliyestaafu, na manusura wa mauaji ya Wayahudi. Nyuzi zinafuata kupanda na kushuka kwa sauti zao, neno kwa neno. Jukwaani kwarteti hupiga pamoja na rekodi zake yenyewe zilizopangwa tabaka juu ya tabaka.

Tanga mna reli ya zamani na wazee waliofanya kazi humo. Mwombeni mmoja ruhusa, mrekodini akisimulia, halafu viola ajaribu kuifuata sauti yake. Simtaji viola kwa bahati: katika ubishi wenu wote hamkuniambia yeye anataka nini. Muulizeni, kisha mniandikie tena.