Kwa nini mto Lena hufurika mwezi Mei

Mkuu, umeuliza kwa nini mto Lena kule Siberia hufurika Mei wakati mvua yenyewe si nyingi. Tazama mto huo unakoelekea. Unaanzia milima ya kando ya ziwa Baikal, kusini, halafu unatiririka kaskazini zaidi ya kilomita 4,000 hadi bahari ya Laptev. Joto huyeyusha barafu ya kusini kwanza, ya kaskazini bado ngumu kama zege. Maji yanashuka na mapande ya barafu, yanakwama kwenye kona na visiwa, mto unavuka kingo. Mwaka 2001 mji wa Lensk ulifurika hivyo hivyo, Urusi ikatuma ndege za kivita kuipiga barafu mabomu! Na usitegemee ardhi iyanywe maji hayo, chini imeganda mwaka mzima.