Aikido si maigizo, ila usikakamae
Umeuliza kama aikido, sanaa ya kujihami ya Kijapani, ni maigizo, maana anayetupwa huonekana kama anajirusha mwenyewe. Kwa kiasi fulani kweli anajirusha, na ana sababu. Kwenye mbinu ya kotegaeshi, kwa mfano, kiganja kinapindwa kuelekea nje. Ukikakamaa, kinachoumia ni kifundo cha mkono. Ndiyo maana mwanafunzi mpya huanza na ukemi, yaani kuanguka bila kuumia, na wawili hupokezana: huyu ashambulie, kisha yule.

Mwanzilishi, Morihei Ueshiba (1883–1969), alitoa mbinu nyingi kwenye Daito-ryu, mtindo wa mapigano wa Kijapani aliofundishwa na Takeda Sokaku, na ile haikuwa mchezo wa watoto. Hakutaka mashindano, na Aikikai ya Tokyo, shirika kuu la aikido, hadi leo haina. Mwanafunzi wake Kenji Tomiki, aliyetokea kwenye judo, ndiye alianzisha mtindo wenye mashindano, mmoja akishika kisu bandia.

Lawama yangu mimi ni nyingine: kwenye dojo nyingi, yaani kumbi za mazoezi, mshambuliaji anashika mkono kwa upole mno. Ukienda kuangalia darasa, tazama hilo kwanza. Mwalimu akiruhusu mwenzako akaze kidogo, jiandikishe.