Kuchomea wageni 30 mbuzi uani: jibu langu kwa aliyeuliza

Mkuu, umesema unaalika watu 30, watoto wanane humo humo, Jumamosi moja ya Julai hapa Dar, na unataka kujua mambo matatu: nyama kiasi gani, uwashe jiko saa ngapi, na ukodi mchomaji au ushike koleo mwenyewe. Naona wadau wengi wamekimbilia viungo. Viungo mwachieni kuku. Mimi huwa nachomea watu uani huku Goba, ndugu, majirani, watu wa kazini, na nachokiona ni kwamba choma ya nyumbani huharibiwa na kusubiri. Watu wamefika saa saba, saa tisa na nusu bado wanaangaliana na soda mkononi, halafu nyama inatoka yote kwa mpigo, nusu imeungua nje na bado mbichi mfupani.

Julai umechagua vizuri. Masika yameisha, upepo wa kusi unapuliza, mtu anaweza kukaa karibu na jiko asiloe jasho kama ambavyo ingekuwa Januari.

Kiasi: mtu mzima mmoja mhesabie nusu kilo ya nyama mbichi yenye mfupa, mtoto robo. Kwa watu wako hiyo ni kilo 13. Mbuzi mwenye kilo 25 akiwa hai, ukitoa ngozi, kichwa, miguu na matumbo, anabaki na kilo 11 au 12 hivi. Kwa hiyo chukua mbuzi mmoja mzuri, ongeza kilo mbili za ng'ombe za mishikaki, basi. Usisahau nyama motoni hupungua, wakati mwingine hadi theluthi, ndiyo maana anayepima kwa macho buchani hujikuta anagawa vipande kwa kuhesabu. Achinjwe Ijumaa, apumzike. Nyama iliyochinjwa asubuhi na kuingia motoni mchana bado imekaza, na hakuna ndimu itakayoiokoa. Kama unanunua buchani, angalia muhuri wa mkaguzi, na mwambie akuachie mapaja na mikono mizima, asikukatie vipande vya mchuzi.

Sasa moto, hapa ndipo penye kazi. Chukua debe mbili za mkaa wa mti mgumu, ule ukigonga vipande viwili vinalia kama chuma. Mkaa mwepesi unawaka haraka na kuisha haraka, utakuwa unaongeza kila saa na kila ukiongeza unapoteza joto. Kuwashia tumia vifuu vya nazi na karatasi. Mafuta ya taa hapana, harufu yake inapanda kwenye nyama na wageni wataisikia hata wakinyamaza kwa heshima. Subiri mpaka mkaa ushike majivu ya kijivu juu, nusu saa au dakika 40, ndipo uweke nyama.

Pipa lako la kuchomea (lile lililokatwa katikati, si ndiyo?) usilijaze mkaa sawasawa. Rundika upande mmoja, upande wa pili uweke kidogo sana. Upande mkali ni wa mishikaki na kubabua mwishoni, upande mpole ni wa paja na mkono. Pima kwa kiganja juu ya wavu: ukiweza kuhesabu hadi tano au sita kabla hujakitoa, hapo ni pa paja. Ukishindwa kufika tatu, hapo ni pa mishikaki. Mafuta yakidondoka moto ukalipuka, sogeza nyama pembeni. Wengi humwagia maji, na maji yanarusha majivu yote juu ya nyama. Ule mchanga unaotafuna kwenye choma za haraka haraka unatoka huko.

Ratiba yangu ukiwa umewaambia watu saa saba: washa saa tano kasoro, paja na mikono viingie saa tano na nusu upande mpole, ukigeuza kila baada ya dakika 15 hivi. Paja zima linataka saa moja na nusu hadi mbili. Mbavu ziingie saa sita na robo. Mgeni wa kwanza akiingia getini, weka maini na mishikaki upande mkali, dakika kumi mtu ana kitu mdomoni. Hapo umenunua saa nzima ya utulivu, na hakuna atakayeuliza paja liko wapi. Ndizi mzuzu na viazi viende pembeni, ugali uache kwa mwenye jikoni.

Mbuzi mimi namtia chumvi na ndimu tu, chumvi ya maji nainyunyizia akiwa tayari nusu. Ng'ombe wa mishikaki kama ni mgumu, papai bichi lililosagwa, lisaa limoja au mawili, basi. Ukiliacha usiku kucha nyama inakuwa uji kwa nje, papai linaitafuna kweli kweli. Paja likitoka liache dakika kumi kwenye sinia kabla ya kukata, maji yake yasikimbilie ubaoni. Kuku, kama utaongeza, asitoke akiwa na wekundu mfupani. Mwenye kipimajoto atafute nyuzi 74 ndani ya paja. Nyama mbichi ibaki kwenye deli lenye barafu mpaka zamu yake.

Kachumbari ikatwe mwisho. Kitunguu kioshwe kwa chumvi mapema, lakini nyanya zikikaa zinatoa maji na kuwa mchuzi.

Kuna jambo watu huona aibu kuuliza: una wageni Waislamu, na kuna shemeji atakayekuja na kitimoto. Jiko lake, kisu chake, ubao wake, mbali kabisa. Ile habari ya "nitaosha wavu" usiilete. Na mbuzi achinjwe na Muislamu, uwaambie mapema ili wasile kwa wasiwasi. Wa kitimoto hawatalalamika, wamezoea.

Mvua ikidondoka ghafla, usiingize jiko la mkaa sebuleni wala kwenye kibaraza kilichofungwa pande zote. Hewa ya mkaa haina harufu na inaua.

Jirani wa upande wa upepo mpelekee sahani mapema, kabla moshi haujamfikia. Wageni wa kubeba kwenda nayo waandalie vyombo, rambo zilipigwa marufuku tangu Juni 2019 na bado watu wanaziuliza mlangoni. Kichwa na miguu usigawe, supu ya Jumapili asubuhi hiyo.

Mchomaji? Kodi kama utakuwa unapokea wageni peke yako, maana jiko halitaki mtu anayeenda kufungua geti kila dakika. Ila umwambie mapema kuhusu pande mbili za moto, wengi wamezoea baa ambako mteja anasubiri akiwa na bia. Kama mwenzako anapokea wageni, shika koleo mwenyewe. Viti na turubai sina la kusema, hayo muulize shemeji yangu huyo mkeo.