Kabla ya kununua kiyoyozi, wakutanishe mafundi wako

Joto la nyumba za Mwanza huanzia juu. Tupo nyuzi 2.5 hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo saa sita mchana jua halikai mbali na utosi mwezi wowote, na bati ndilo linalolipokea. Bati linapasha hewa ya darini, dari ya jipsamu nayo inapata joto, nanyi mlio chini mnaoka hadi usiku. Ndiyo maana nyumba za paa la kuficha, yaani bati lililozibwa nyuma ya ukuta uliopandishwa juu, zinazopendwa siku hizi hunipa shaka: dari imebanwa, hewa haina pa kutokea, na ukuta umevuliwa upenu uliokuwa ukiukinga.

Chagua bati la rangi nyepesi, na chini yake foili inayong'aa iliyoachiwa nafasi ya hewa. Fundi akiilaza ikagusana na bati, umenunua pambo.

Kuta za kaskazini na kusini hutoshwa na upenu wa kawaida. Kazi iko mashariki na magharibi, maana jua la asubuhi na la jioni huja limeinama na kupenya hadi ndani. Huko weka stoo, choo, au panda miti. Tatizo ni kwamba ukijenga Capri Point, mtaa wa Mwanza ulio kando ya Ziwa Victoria, magharibi ndiko kwenye maji, na mteja anataka kioo kikubwa cha kutazama machweo. Simlaumu. Ila kioo hicho kitangulizwe na baraza pana.

Haya yote hufia kwenye saiti kwa sababu mafundi hawakutani. Wa aluminiamu huitwa baada ya lipu, akaleta madirisha ya kusukuma yanayofunguka nusu tu, na upepo wa ziwani ukaishia nje. Wa umeme anatoboa dari kwa taa za urembo. Wa kiyoyozi anakuja mwisho, anapima ukubwa wa chumba bila kutazama ukuta wala paa, anakuuzia mashine kubwa, kisha wewe na LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, ni kulia tu.

Mimi sikubali msingi uchimbwe kabla msanifu, mkandarasi na mafundi hao hawajakaa mbele ya ramani moja. Chai na maandazi yanatosha. Kikao cha namna hiyo, kwa nyumba moja ya Nyegezi, kiligeuza madirisha yakawa ya bawaba, yanayofunguka yote, na tukayaongeza upana kwa sababu wavu wa mbu hupunguza upepo. Vyumba vya kulala havikuhitaji kiyoyozi.

Mkandarasi akisema kikao kitachelewesha kazi, mwombe akuandikie gharama ya kupanua dirisha baada ya lipu.